Taa Iliyokataa Kuzima

Nguba, Bukavu, Jumamosi

Yaya Valérie mupendwa,

Nakuamkia kwa heshima, dada yangu mkubwa, wewe na shemeji na watoto, pamoja na joto lenu la Kamanyola ambalo nasikia linaivisha mayai bila moto. Sisi tuko wazima. Maman magoti yanamuuma siku za mvua tu, yaani kila siku, lakini sauti yake haijaugua hata mara moja. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako inasomwa na nyumba nzima.

Unajua natengeneza redio za watu miaka kumi na mbili sasa, bila diplome. Basi, Madame Gisèle, préfète, yaani mkuu wa shule iliyo hapa juu, aliniambia anatafuta mtu wa kufundisha wanafunzi électronique kwa mikono, si kwa ubao. Sharti lilikuwa moja: Ijumaa nilete mashine niliyoiunga mwenyewe, ifanye kazi mbele ya wote. Ikikataa, nafasi ni ya Nathanaël, ambaye diplome yake iko ndani ya fremu.

Nikapata kit ya kutoa mapigo ya umeme. Ni kidude cheusi cha miguu minane, betri, na taa nyekundu. Umeme unajaa na kumwagika, taa inawaka na kuzima kama moyo. Jumamosi iliyopita nikamaliza kuiunga, ikapiga vizuri. Maman akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaoa.

Jumapili, kutoka misa, nikaiwasha tena. Taa ikawaka, ikabaki hivyo. Ilinikodolea jicho kama mujomba aliyenyimwa nyama. Nikabadilisha betri. Nikachomelea upya kila mguu. Nathanaël akapita na mita yake, akapima, akaniambia Papa Marcellin, kidude kimekufa, uzike tu. Nikamujibu kwamba kwetu maiti haiwashi taa. Lakini kidude kipya kingechukua wiki mbili kufika, na Ijumaa haikuwa na wiki mbili.

Jumatano nikaigeuza kwenye jua, nikaona madoa meupe katikati ya miguu. Nikaramba. Usicheke, ulimi ni mita ya asiye na mita. Chumvi! Chumvi inakamata unyevu, umeme unavuja kabla ya kujaa, na taa haipati nafasi ya kuzima. Nikamuuliza Maman. Akajibu kwa furaha kwamba Jumapili asubuhi aliinyunyizia maji ya baraka, yale ya parokia yanayotiwa chumvi, tena hakunyunyizia, alimimina, kwa sababu mutoto wake hana diplome na lazima Mungu asaini mahali pa Serikali.

Ungesema nini, Yaya? Mimi nilisema aksanti Maman.

Na jana ikapiga! Wanafunzi wakahesabu mapigo kwa sauti kama kwaya. Nathanaël naye akapiga makofi, mawili. Madame Gisèle akanipa ufunguo wa labo palepale. Maman, aliyekaa mbele na kitenge chake cha Pasaka, akasimama kuwaeleza walimu wote ni maji gani yaliyoifanya ipige. Msichana mmoja, Chancelle, akaniuliza kama ni kweli. Nikasema mashine ilikuwa imechoka, ikapumzika.

Sasa nakuungamia wewe, kwa kuwa padri ni rafiki ya Maman. Baraka ile niliisugua yote, kwa mswaki na kanyanga, pombe ile ile tunayokatazwa, maana alcool ya duka la dawa ilikuwa imeisha. Iliyobaki kwenye chupa sikuimwaga.

Pombe hainisumbui. Yule msichana ndiye ananisumbua: aliuliza swali zuri, nami nikamupa jibu la hovyo. Jumatatu saa tatu, Maman akiwa sokoni, nitafungua labo, nitamuomba Chancelle msamaha mbele ya wenzake, kisha nitawaonyesha jinsi maji ya chumvi yanavyopitisha umeme. Sitasema maji yalitoka wapi.

Wabusu watoto. Shemeji mupe mkono wangu. Maman anawasalimu wote, mmoja mmoja, kwa majina ya ubatizo.

Ni mimi mdogo wako, ambaye sasa una ruhusa ya kumuita mwalimu,

Marcellin