Nilivyomfundisha Ngosha

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya tano ya tandiko. Ngosha kavimbisha tumbo tena ili nisikaze mkanda. Nikasubiri apumue, nikakaza. Mizunguko sita zizini, namwongoza kwa sauti tu. Dume la farasi la miaka mitatu, na sikio moja liko kwangu muda wote.

Masanja, msimamizi wa shamba, kaegemea uzio. Anasema kwenye sendofu ya binti wa mzee mwenye shamba atampanda yeye, amtangulie bibi harusi mpaka turubaini. Kisesa nzima imwone. Haya.

Alhamisi, 6 Juni
Sijasahau. Mwaka jana alimchapa mama yake Ngosha kwa fimbo ya kuswagia ng'ombe, jicho likapasuka. Akamwambia mzee ni mimi. Nikatukanwa mbele ya mke wangu. Jicho likaoza, jike likafa, na Masanja anakula ugali wake vizuri tu. Namchukia mpaka mate yananikauka.

Njia nimeipata. Masanja kazoea punda wa kwao Misungwi. Anachojua ni kupiga visigino. Basi nimeanza. Visigino vikigusa mbavu, nampiga Ngosha ufito matakoni. Anarusha miguu. Akirusha, nampa sukari guru.

Jumanne, 11 Juni
Ufito wa nini tena? Nagusa kisigino, anaruka. Mimi mwenyewe kaniangusha mara mbili. Kiuno kinauma, nacheka peke yangu.

Mzee alipokuja kutazama nilipanda kwa sauti tu, bila visigino. Ngosha akatembea kama mwali. Nikasifiwa. Nimeona aibu kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi, 15 Juni
Imekuwa. Suti mpya, viatu vya ncha, vigelegele. Akapiga visigino.

Masanja kaangukia meza ya soda. Mkono umevunjika, suruali imepasuka nyuma, simu zote zinamrekodi. Nilijificha nyuma ya turubai nikacheka mpaka machozi. Na bado! Ningeweza, ningempandisha tena.

Jumapili, 16 Juni
Mzee kaniita baada ya misa. Kakulia kwenye ng'ombe, na farasi kwake ni ng'ombe tu. Kasema, "Dume korofi dawa yake ni kumhasi awe maksai. Bwana mifugo anakuja Jumatano. Utamshika wewe, anakuamini."

Nikisema ukweli, kazi sina, na atakayecheka ni Masanja. Nikajibu, "Sawa, mzee."

Jumatano, 19 Juni
Nimemshika. Kamba hata hakuigombea. Niliongea naye kwa sauti ileile ya kumpandia, akatulia. Bwana mifugo akashangaa, hajawahi kukuta dume mpole hivi. Mzee akanitazama. Kisu kilikuwa hakijagusa. Ningeweza kusema hata pale. Nikaangalia chini.

Mwoga mimi.

Jumatatu, 24 Juni
Upepo wa ziwani tangu asubuhi. Kidonda kinakauka. Nilifungua geti nikasimama mbali, nikijua atanikimbia.

Akaja. Akaweka kichwa begani kwangu kama siku zote. Heri angeniuma. Nikampeleka kunywa maji.