Dume Mweupe Mmoja Tu

Mtani wangu Salumu,

Sikuulizi hali. Kwa hali uliyonayo ungenijibu kejeli tu, na mimi siko tayari kushindwa na maiti wa Kizaramo.

Kwanza maziko yako, maana hukuyaona vizuri. Kazi ya mtani niliifanya mpaka watu wakanishangaa. Nilivaa kofia yako, nikatembea ule mwendo wako wa kuku aliyekanyaga kaa la moto, nikawaambia waombolezaji, "Msimlilie huyu, anajifanya tu, kakwepa zamu ya kuosha chupa." Wakacheka hadi shehe akageukia pembeni. Waulize kama kuna Msukuma aliyewahi kumzika Mzaramo kwa utani wa namna ile hapa Shinyanga! Kisha watu wakatawanyika, nikarudi peke yangu kwenye nyumba ya wadudu, kazini kwetu. Nikatoa utani mwingine, mzuri kuliko wote wa makaburini. Kimya. Hapo ndipo nilipojua kwamba umekufa.

Sasa sikiliza habari ya kazi. Bwana Mdudu, mkubwa wetu, ameagiza nondo wa pamba wapangwe upya kabla ya sanduku lao kupelekwa stesheni. Wale wetu, ambao viwavi wao hutoboa vitumba. Unakumbuka droo ni mbili: yangu ya weusi, yako ya weupe, yenye kibandiko ulichokiandika kwa mwandiko wako wa madoido, "Aina ya Pili". Bwana Mdudu akasema kama ni aina moja, droo ziunganishwe na kibandiko kimoja kitolewe. Kitolewe chako, yaani.

Kwamba ni ukoo mmoja hatukubishana hata siku moja. Mishipa ya mbawa imegawanyika vilevile, vipapasio ni vyembamba kama uzi, dume kwa jike. Ugomvi ulikuwa rangi. Au "langi", nilivyoandika mimi, ukacheka mpaka ukamwaga pini, ukasema Wasukuma mmezaliwa na ulimi uliokunjwa. Nikakujibu kwamba wa kwenu umenyooka sana, ndiyo maana haurudi kinywani.

Mimi nikasema: weusi ni waume, weupe ni wake zao, basi. Wewe ukasema: "Weupe tunawakuta mashambani juu ya pamba, weusi tunawanasa kwenye taa ya bohari. Hawalali nyumba moja. Utasemaje ni mke na mume?" Nami, mdomo wangu huu, nikajibu, "Mama yuko shamba, baba anazurura kwenye taa za mjini. Ndoa ngapi ziko hivyo hapa hapa?"

Wenzetu wote wangecheka. Wewe hukucheka. Ulichukua brashi ukaanza kusafisha lenzi iliyokuwa safi tayari. Ulisema tu, "Ushahidi uko mkiani, Msukuma. Nikipata nafuu ya kifua tutapasua." Shemeji Mwanaidi, mkeo, yuko Kisarawe anapalilia mihogo, nawe miaka yote ukisema mwakani utamleta, mwakani utamleta. Sikukulenga wewe. Nililenga nondo, Salumu.

Basi nimepasua mwenyewe. Usitetemeke huko, mkono wangu sasa ni mwepesi kuliko wako, Bwana Mdudu amesema. Sawa, hakusema, lakini aliguna vizuri. Nakata ncha ya tumbo, naichemsha kwenye magadi makali mpaka mafuta yatoke, naitandaza kwenye kioo, naiweka chini ya hadubini. Dume anajulikana papo hapo, ana koleo mbili ngumu za kumshikia mwenzake, kila moja na jino lililopinda. Jike hana koleo. Ana mrija wa kutagia, mfupi, wenye manyoya.

Nilichokuwa nakitafuta ni dume mweupe. Mmoja tu! Mweupe mwenye koleo, ili droo yako ibaki. Niamini, mimi niliyebishana nawe mpaka povu, nilikuwa nakata kila mweupe huku nikimwambia, "Haya mama, kuwa baba." Mrija. Nachukua mwingine. Mrija. Nikaanza kuutukana mwanga wa dirishani. Nikamwomba kijana wa mashamba ya pamba ya Songwa aniletee weupe wa kule, labda wa kwao wana adabu nyingine. Mrija. Weusi nao wote koleo, jino lile lile, limepinda vilevile.

Nimeshinda, Mzaramo. Ni aina moja, mke na mume.

Nikasimama nikapiga kelele ya ushindi, ile ya kukuudhi. Ikagonga bati ikanirudia. Bwana, hakuna kitu kibaya kama kushinda ukiwa peke yako chumbani. Ningekubali kushindwa mara zote zilizobaki za maisha yangu ili nikuone umenuna.

Uongo ningeweza. Kibandiko ni karatasi tu, na nani angejua? Lakini ungejua wewe, na ungenicheka milele. Kwa hiyo nimekibandua kwa mvuke wa birika, taratibu, hakikuchanika. Kisha nikawapanga katika droo moja, kila mweusi na mweupe wake ubavuni. Wamependeza, mlaaniwa wewe.

Likizo yangu ikifika nitapanda treni mpaka pwani, mimi ambaye sijavuka Tabora. Nguo zako nimezikunja, nitampelekea shemeji mwenyewe, sitazituma kwa mtu. Kwanza nitamwamkia kwa heshima. Halafu nitamtania mpaka acheke, maana naye ni Mzaramo na ni haki yangu. Halafu nitakaa kimya, kama nitaweza, alie apendavyo. Na akiniuliza kama ulikuwa unamkumbuka, nitamwambia habari ya ile lenzi safi uliyokuwa ukiisafisha.

Haya, pumzika. Neno la mwisho siku zote ulilitaka wewe. Leo nakuachia.

Msukuma wako,
Masanja