Kwa Valerian Maduhu, na Sauti Iliyomlaza Mageni

Mwaka umezunguka, Valerian, tangu tulipokuacha katika udongo mwekundu wa Geita, tukapanda lori kurudi Samuye na wewe hukuwemo. Homa ilikukuta kazi iko mezani, ikakuondoa kabla gundi haijakauka. Leo tunazungumza nawe, mwana wetu, mume, baba na ndugu. Anayetaka kusikia naye asikie.

Ulikuwa seremala wa mgodini. Magogo yaliyoshikilia dari kule chini yalipita mikononi mwako, na wanaume waliposhuka waliyagonga kwa kiganja wakisema, "Hili la Maduhu," kisha wakaendelea na kazi. Hukuweza kuona stuli inayoyumba ukaketi. Hata ugenini uliigeuza miguu juu, mwenye nyumba hata hajamaliza kukusalimu.

Wengi walikuonya ulipompeleka mkeo Serafina kwenye masomo ya jioni ya akina mama. Walisema, "Mke akijua kuandika atakuandikia talaka." Ukawajibu, "Nitaisoma kwa raha, mwandiko wake mzuri." Siku za masomo ulitoka kazini, ukanawa, ukampokea mwanenu Mageni, naye Serafina akaenda zake na ubao wake mdogo.

Na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Mageni alikuwa bado ananyonya, na hakutaka kulala bila mama yake. Ulimwimbia, akalia. Ulimtembeza uani, akalia. Nyumbani mlikuwa na gramafoni kuukuu, aliyokuachia mfanyabiashara mmoja alipohama, pamoja na kisanduku cha santuri ambazo hukuwahi kuzigusa. Ulizokuwa ukipiga ni zile mpya za kuazima kwa Marcel, mwenzako wa karakana: magitaa, rumba, vijana wanaruka. Mtoto akazidi kulia. Jioni moja ukachoka, ukachomoa santuri ya chini kabisa, ya miaka ya thelathini, kabla ya vita. Fidla ikaanza, tari ikaitikia, na mwanamke wa pwani akaimba taratibu, kama mtu anayechambua mchele na hana mgeni anayemsubiri. Mageni akanyamaza. Ulipogeuza upande wa pili alikuwa amekwisha lala. Nawe, uliyekuwa mchunga ndama nyimbo hizo zilipotoka, uliketi umeshika kidevu, huoni wala husikii kingine.

Serafina alirudi na chaki vidoleni, maziwa yamemjaa, amekimbia njia nzima kwa kumhurumia mwanawe. Akakuta nyumba imetulia, mtoto amelala, na mwanamke asiyemjua anaimba.

"Nani huyu?"

"Sijui jina, karatasi yake imebanduka. Msikilize lakini, Mama Mageni."

"Nimekwisha msikia. Mzime."

Tangu siku hiyo hukupona. Ulizifuata santuri za zamani popote uliposikia zipo, na aliyekuwa anataka kuzitupa alijua mlango wako. Marcel alikucheka mbele ya karakana nzima: "Wenzako wanacheza rumba, Maduhu, wewe unaposa bibi wa kabla ya vita." Ulicheka pamoja nao. Serafina hakucheka. Mume kupenda muziki, hilo angelivumilia, maana wanaume wana mapenzi mengi na mengine ni mabaya kuliko fidla. Lililomchoma ni mtoto. Alimbeba tumboni, akamnyonyesha, akamwimbia nyimbo za Kisukuma alizoimbiwa na mama yake, naye mtoto akawa anageuza shingo kulitazama lile sanduku la gramafoni.

Akaenda kumlilia jirani yenu Bi Mwanaima, mtu wa Tanga aliyekuwa akichoma maandazi pale kambini. Bi Mwanaima alipousikia wimbo ukitoka dirishani kwenu alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Huyo? Mwanangu, huyo tulimsikia nami ni mwari. Saa hizi ni ajuza, pengine hana jino. Unamwonea wivu nyanya ya watu?"

"Yeye amezeeka," Serafina akasema. "Sauti yake haijazeeka, na hiyo ndiyo iliyomo nyumbani mwangu."

Bi Mwanaima akaacha kucheka. Akageuza andazi, akafikiri. "Basi mnyang'anye wimbo," akasema.

Ndivyo alivyofanya, Valerian. Ukishuka mgodini, yeye aliifungua gramafoni, akatega sikio, akajifunza mstari baada ya mstari. Maneno ya pwani hayakumkalia vizuri mdomoni, na Bi Mwanaima akawa anamkosoa kutoka upande wa pili wa ua: "Ivute, mama, usiitwange." Nia yake ilikuwa aushike wimbo wote, amlaze mwanawe kwa kinywa chake, kisha sanduku lifungwe na lisifunguliwe tena.

Lakini pana mahali, nawe unapajua, ambapo sauti ile hupanda, ikatetereka kidogo kama itavunjika, kisha ikashuka yenyewe. Hapo Serafina alikwama. Alirudia hapo tu, na hapo tu, mpaka maharage yakaungua. Aliudhika kwamba ni pazuri. Angependa pawe pabaya, amalize kazi. Wivu haukumtoka, ulikaa na mapenzi kama wake wenza wa boma moja, kila mmoja na jiko lake.

Siku moja ulitoka kazini mapema, ukasikia nyumbani kwako wanaimba wanawake wawili. Ukakaa kizingitini, hukubisha. Serafina alipotoka kumwaga maji ya vyombo nusura akumwagie wewe.

"Tangu lini?" ukamuuliza.

"Tangu nilipochoka kushindwa."

Ukajikuna shingo. "Basi sasa mwenye wivu ni mimi," ukasema. "Mnaimba vizuri hivyo, na sikualikwa."

Ukaalikwa. Mliimba hivyo hadi homa ilipokuja.

Gramafoni yako iko hapa Samuye, Valerian. Ilikuja kwenye lori imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Baba yako alisema ikae kimya tuomboleze kwanza, mama yako akaitandikia kitambaa, na hakuna aliyeigusa. Mageni amelala mwaka huu wote kwa sauti ya mama yake peke yake. Serafina alikuwa ameshinda, na hapakuwa na wa kumwonyesha.

Juma lililopita, watu wamerudi kutoka kuchuma pamba, mama yako Mbuke ndiye aliyesema, "Lifungueni hilo sanduku. Mwanangu alilipenda, nami nisikie alipenda nini." Mkeo akasita. Aliogopa jambo moja, na si vibaya ukilijua: kwamba sauti ile ikilia tena, wewe utakuwa kule iliko, na hutakuwa huku kwetu.

Aliipiga hata hivyo. Mwanamke akaimba, watu wakatulia. Mageni, ambaye sasa anatembea na kuuliza maswali kama karani, alilisogelea sanduku, akaweka sikio, akasikiliza sana. Kisha akamgeukia mama yake.

"Mayu, baba yumo humu na yule mama?"

Baba yako alikohoa akatazama nje. Serafina aliumwa palepale panapomuuma siku zote, mbele ya wakwe, na hakuwa na pa kujificha. Akamkalisha mtoto pajani.

"Hayumo," akasema. "Yule mama anaimba vizuri, na mimi nampenda. Lakini yeye hamjui baba yako. Hajawahi kulisikia hata jina lake. Sisi ndio tunaomjua."

"Na bibi?"

"Na bibi. Na babu. Hata wewe."

Mageni akatazama nyuso zetu, mmoja mmoja, akaridhika.

Tunaokujua, Valerian, ni sisi: wazazi wako, Mzee Maduhu na Mbuke; mkeo Serafina; mwanao Mageni; dada yako Apolonia na mdogo wako Donatus; na kule Geita, Marcel na Bi Mwanaima, ambao wametutumia salamu. Jumapili hii tutakuombea kanisani, kisha tutakula pamoja nyumbani kwa baba yako.

Maadamu mmoja wetu yu hai, jina lako litaitwa.

Samuye, Shinyanga, Juni 1956