Wiki Niliyojifanya Sioni

Jumanne, 4 Machi

Nimekatazwa kusoma, kuandika, simu, televisheni. Basi naandika jicho moja nimelifumba na jingine nimelikunja. Mistari inapanda tu juu. Sawa, nani atasoma?

Leza yenyewe haikuuma. Nilitazama kitaa chekundu, mashine ikavuma, ikanuka kama nywele zilizoungua, daktari akasema tayari. Nikamwuliza, tayari nini? Kumbe macho yote mawili! Hata kuogopa sijamaliza.

Tabu imeanza nyumbani, ganzi ilipoisha. Mchanga machoni. Vitunguu machoni. Machozi yananitiririka na wala silii. Na nisifikiche! Mimi, niliyefikicha macho tangu nizaliwe.

Masharti: matone mara nne kwa siku. Vikinga vya plastiki machoni wakati wa kulala. Maji yasiguse uso. Vumbi marufuku, cherehani marufuku. Wateja wangu wataninyofoa nyama. Na mume wangu amempigia mama yake simu aje kuniuguza – hakuniuliza. Nimelia tena, na haya si ya leza.

Jumatano, 5 Machi

NAONA! Nimevua vikinga, nikaona buibui kwenye kona ya dari. Na miguu yake! Miaka yote nilidhani ni msumari. Nimegundua pia kwamba mume wangu ana nywele masikioni. Hakuna aliyeniambia.

Taa bado zina duara la ukungu, na macho yanakauka upesi, lakini naona. Daktari kanikagua asubuhi, kasema yanapona vizuri kuliko alivyotarajia, nijihadhari tu. Mume wangu alikuwa kwenye korido. Akauliza, kasemaje? Nikamjibu, kasema nipumzike sana. Akanishika mkono kunivusha kizingiti. Nikajikwaa kidogo, makusudi. Jamani, raha!

Leo kafua yeye. Mwalimu wa hesabu anapanga soksi kwa ukubwa, halafu anatia shati jeupe pamoja na kitambaa chekundu. Nimemwona kutoka kwenye kochi, nyuma ya miwani yangu myeusi. Nimenyamaza. Asiyeona atasemaje?

Mama mkwe kafika jioni.

Alhamisi, 6 Machi

Huyu mama simwandiki kwa kumsingizia. Kila akija hupitisha kidole juu ya kabati, hukitazama kidole, kisha hunitazama mimi. Tangu mwaka wa harusi.

Leo nikasema, ngoja sasa. Mume wangu alimwaga unga jikoni jana, umetapakaa sakafu nzima. Mama kapita juu yake, katoka na nyayo nyeupe mpaka sebuleni, akasema jikoni kwangu kunapendeza siku hizi. Kunapendeza! Nimeuma mto nisicheke. Nikadhani uzee umemlainisha.

Lakini chai yake! Anatumbukiza kidole kikombeni huku anamimina, na haachi mpaka chai imguse. Mimi nisiyeona nimekiona. Na nimeinywa, ningefanyaje?

Na matone! La kwanza puani. La pili shavuni. La tatu likaingia sikioni. Kanishika taya kama anakamua ndimu, ananiambia nitulie, mbona nahangaika. Nilikuwa nimetulia tuli. Nikajua ananikomoa. Nimekwenda chooni nikajiwekea mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Leo sicheki.

Mume wangu, kwa kupenda utaratibu, kakusanya vichupa vyote vidogo vya nyumba hii akavipanga kwenye sinia moja kando ya kitanda changu. Matone yangu, dawa ya mafua ya puani, na mafuta yangu ya cherehani. Vyote vyeupe, vyote vina mdomo mwembamba. Kisha akaenda zake shule.

Mama akaja na kusema saa ya dawa imefika. Akapapasa sinia, akachukua cha cherehani. Nikakiona vizuri kabisa, na picha ya cherehani ubavuni. Akakifungua. Akaniinamia. Nikafikiri nikohoe, nigeuze kichwa – lakini angerudia. Tone likaanza kuning'inia. Nikamdaka mkono.

"Mama, hayo ni mafuta ya cherehani."

Akakisogeza kichupa puani, akanusa. Akakaa kitandani pole pole.

"Kumbe unaona," akasema.

"Kumbe wewe huoni."

Akakirudisha kichupa kwenye sinia. Halafu kanieleza. Ukungu ulianzia pembeni, unakuja katikati. Kwake anatembea kwa mazoea, kuku wake anawajua kwa sauti. Na mwanawe ameshaapa: siku akisikia mama kaanguka tena, ile nyumba inafungwa, anahamia kwetu. Hataki. Hataki kukaa kwenye kochi la mtu akisubiri kuambiwa chakula tayari. Tukakubaliana: mimi sisemi lake, yeye hasemi langu. Akanikonyeza kutia muhuri. Alikonyeza kabati.

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu kapiga deki. Mama na mimi kochini. Mama anamwambia, mwanangu, bado pale. Pale wapi, anauliza. Namnong'oneza mama: chini ya meza. Chini ya meza, anasema mama kwa ukali. Mwalimu wa watu kapiga magoti.

Tumecheka mpaka macho yamenichoma, nikalazimika kutia matone. Sijawahi kucheka na mama mkwe. Anachekea puani, kumbe, kama mwanawe.

Jumapili, 9 Machi

Jumatano pale kliniki nesi alikuwa anamweleza mzee mmoja kwamba jicho la kulia limeshakwenda, halirudi, angewahi lingeokolewa. Nilisikia tu kwa kuwa nilikuwa nasubiri zamu. Leo maneno yale hayanitoki. Mama kapiga goti kwenye meza mara mbili, akasema meza imesogezwa. Haijasogezwa.

Nikisema, atapoteza nyumba yake, na mimi nitakaa naye hapa maisha. Nimeliwaza hilo pia, nisijifanye malaika. Nikinyamaza, je?

Nimemwomba twende apimwe tu, mwanawe asijue. Kakataa katakata. Kasema tulikubaliana, au nataka mume wangu asikie kwamba nilimwona akipanga soksi? Ana roho ngumu huyu mama. Nampenda. Imeanza lini?

Jumanne, 11 Machi

Niko kwenye benchi la kliniki. Ni siku yangu ya kukaguliwa, ila aliyeko ndani si mimi.

Mume wangu katushusha mlangoni, akaenda kutafuta pa kuegesha gari. Nesi alipoita jina langu nikamwambia zamu yangu nampa mama huyu, macho yake ndiyo yana haraka. Mama kanifinya mkono, mpaka sasa unauma. Akamwambia nesi yeye ni msindikizaji tu, mgonjwa ni mimi, maskini sioni kitu. Nikavua miwani. Nikamsomea nesi bango la ukutani lote, mpaka maandishi madogo ya chini.

Nesi akamshika mama mkono. Mlangoni mama akageuka, akasema taratibu, "Umeniuza." Akaingia.

Mlango haukufungwa sawasawa. Namsikia anamsimulia daktari habari za kuku. Daktari kamwacha amalize. Sasa anamwambia afunike jicho la kushoto, asome ubao.

"Ubao wenyewe uko upande gani, mwanangu?"

Nasikia daktari anavuta kiti karibu naye.

Funguo za gari zinalia kwenye ngazi. Ni mume wangu. Kafika juu. Kaniona sina miwani. Kaiona na kalamu. Anauliza mama yake yuko wapi.