Kadi Iliyopanda Milima

3 Machi

Kitinda mimba wangu,

Salamu nyingi. Mwili upo, ila moyo unadunda unavyotaka, na daktari kasema nitapasuliwa mwezi wa tano. Simu sisikii tena, masikio yamenitangulia kuzeeka. Hii ni barua ya tatu, na zile mbili hujajibu. Njoo ukae nami siku hiyo. Naogopa, mwanangu.

Mama yako

2 Aprili

Kwa wakubwa wa kituo cha bahari,

Hamjambo huko? Mimi fundi cherehani, nakaa mbali na bahari. Nimeokota kadi yenu ya plastiki, zile mnazotupa majini mjue mkondo unaelekea wapi. Imeandikwa kila mwokotaji atajibiwa. Nimeiokota jikoni kwangu, nyuma ya debe la unga. Nasubiri jibu.

Mwokotaji

20 Aprili

Mama, shikamoo. Waendeleaje?

Nimecheka mpaka nikalia. Kadi hiyo nilikuachia mwenyewe, haijawahi kulowa. Mkuu wangu kaniuliza imepandaje milima yote ile. Nikamwambia huo mkondo anaujua mama yangu tu.

Nisamehe. Wageni wanaookota kadi nawajibu upesi kwa sababu wananiuliza habari za maji. Wewe waniuliza nitakuja lini, nami sina la kusema. Keshokutwa meli inaondoka. Tunafuata maji baridi yanayozama na kutambaa chini gizani mamia ya miaka kabla ya kuliona jua tena. Kuzama kwenyewe ni msimu huu tu. Nikibaki, kazi ya miaka mitatu imekwenda bure. Mwombe daktari aahirishe hadi Juni.

Huku sina wa kuongea naye, Mama. Nakusemesha nikiosha vyombo.

Mwanao

29 Aprili

Mwanangu,

Daktari kakataa. Maji yako yanaweza kungoja mamia ya miaka, mimi sina hata mmoja wa kuchezea. Lakini kazi ni kazi. Vaa sweta.

Mama yako

11 Juni

Mama, shikamoo.

Nimeshuka melini leo, nimekuta hiyo barua yako, na baada yake kimya. Ulipasuliwa? Nani alikuwa nawe? Nijibu hata neno moja. Nimeshakata tiketi.

Mwanao

19 Juni

Marahaba, mwanangu.

Nimepona, nashona kidogo kidogo. Siku ile daktari aliuliza nani wangu yuko nje. Jirani muuza mkaa akasema ni yeye.

Njoo, chumba chako nimefagia. Ila usikimbie. Ule woga niliokuitia nimeshaumaliza peke yangu.

Mama yako