Jina Lililoulizwa Langoni

Berea, Johannesburg
Jumapili, 2 Juni 2024

Mpendwa Mama Mkubwa Epiphanie,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua barua isiyoanza hivyo huisomi. Unaikunja na kumwuliza aliyeileta kama mwandishi ni mpagani. Basi nimeanza vizuri. Hujambo, mama? Goti la kushoto linasemaje na baridi ya asubuhi huko Kalemie? Dawa ya kuchua tuliyomkabidhi Joël akuletee mwezi wa tatu ilikufikia, au alijichua nayo yeye njiani? Na macho je? Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi, ili usimpe mwanao Emery akusomee. Hii ni ya kusoma mwenyewe, ukiwa umekaa.

Sisi hatujambo, Mungu ashukuriwe. Lifti ya ghorofa letu imekufa tangu Pasaka, kwa hiyo mama hushuka mara moja tu kwa wiki, Jumamosi, kwenda Fordsburg kununua vitambaa. Akipanda anapumzika kila baada ya ngazi kumi, na kila pumziko lina mtu wa kulaumiwa: mwenye nyumba, serikali, na mimi niliyechagua ghorofa ya nne. Cherehani bado anaiweza. Sasa anashona mashati arobaini ya kwaya, kola nyeupe, na kola ndizo zinazomtoa jasho.

Mwanangu Tania ametimiza miaka tisa. Kiswahili anakisikia chote, hata cha kusengenya, ila akijibu ni Kiingereza au Kizulu. Ukimgombeza anasema "eish, Mama", basi, kikao kimefungwa.

Mimi nasuka nywele siku nne, siku mbili niko chuoni Braamfontein. Asante sana kwa kurasa zako nane za kumbukumbu za utotoni ulizonitumia ili ziingie katika tasnifu yangu. Mwandiko wako bado ni ule wa masista, mistari imenyooka kama vitanda vya bweni. Mwishoni uliniuliza, tena kwa ukali kidogo, mtoto wa Uvira anatafuta nini katika hadithi za Wareno. Swali zuri. Kireno nilikipata kwenye kambi ya wakimbizi kule Nampula, Msumbiji, miaka tisa ya foleni na madawati yaliyovunjika, na kitu kilichokutoa jasho miaka tisa hukitupi jalalani.

Halafu hadithi zenyewe si za Wareno hasa. Ni za Wabrazili wa karne ya kumi na tisa, waandishi wenye majina makubwa, waliokuwa wametoka tu chini ya Ureno na wanajitafutia mababu. Mababu wakawapata porini: wenyeji wa nchi ile, wale ambao vitabu huwaita Wahindi. Mama aliposikia "Wahindi" akaniuliza kama ni ndugu za yule bwana wa Fordsburg anayemkopesha vifungo. Nikamwambia hapana, hawa waliitwa hivyo na wazungu waliopotea njia. Akasema, "Mzungu akipotea njia, mwenyeji ndiye anayebadilishwa jina." Nilicheka, nikaendelea na kazi yangu. Ningesimama hapo hapo nikafikiri, nisingeaibika baadaye.

Katika vitabu hivyo mwenyeji ni mzuri kupita kiasi. Ni jasiri, ana usemi wa kishairi, anampenda mgeni mara tu anapomwona, na kazi yake kubwa ni kuondoka kitabu kikikaribia mwisho, ili nchi ibaki kwa wengine bila mtu kuonekana ameipora. Riwaya moja ninayoishughulikia ina mjane wa chifu anayempeleka binti yake mdogo, mweupe nusu, mpaka kwenye lango la ngome ya Wareno. Anamkabidhi kwa mke wa kapteni kwa mkono wake mwenyewe, anarudi msituni, basi. Kitabu kina kurasa mia tatu. Mjane baada ya hapo ana mistari minne. Mtoto anabatizwa, anapewa jina la malkia, na mwandishi anashangilia kuzaliwa kwa taifa.

Mama Mkubwa, niliposoma ukurasa ule na kurasa zako nane ziko pembeni, nilisema nimepata dhahabu. Uliandika kwamba baba yako, yule mzungu wa pamba, aliporudi kwao Ulaya, bibi Namwezi, mama yenu, alikushika mkono, ukiwa na miaka mitano, akakupeleka misheni siku mbili kwa miguu, akakuacha langoni na hakurudi tena. Nikaandika sura nzima. Nikasema riwaya hizi hazikudanganya kabisa, kwa kuwa hata katika ukoo wangu yuko mama aliyekubali, akatoa, akanyamaza. Profesa wangu aliipenda. Aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, "Inagusa."

Jumamosi ya wiki iliyopita, mama aliporudi kutoka Fordsburg, nikamsomea sura ile huku nikiitafsiri, yeye yuko kwenye cherehani. Nilitaka sifa, sifichi. Alishona tu, nikadhani hasikii. Nikafika pale ulipoeleza siku ya kuingia: kwamba ilikuwa tarehe sita Januari, sikukuu ya Tokeo la Bwana, ambayo kwa Kifaransa ni Epiphanie, kwa hiyo masista wakakuita hivyo siku ile ile, na kwamba aliyeitikia jina la nyumbani alichapwa, hivyo kabla ya Kwaresima ulikuwa umeshasahau kuitika ukiitwa Nabintu.

Cherehani ikasimama.

"Rudia hapo," mama akasema.

Nikarudia.

"Siku ile ile? Si baadaye, alipokuwa mkubwa?"

"Siku ile ile, mama. Ameandika hapa."

Akaiweka kola chini. Akafunika uso kwa lile shati la kwaya, mashine ikiwa bado imeng'ata uzi, akalia kwa sauti. Tania alitoka chumbani mbio, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anasema Kiswahili bila kulazimishwa: "Bibi, nani amekufa?"

Sasa nakuandikia alichosema alipotulia; mengine aliambiwa na bibi mwenyewe, mengine aliyaona. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza.

Kwanza, bibi hakwenda misheni kwa hiari yake. Amri ilitoka kwa mtawala wa wilaya: watoto wote waliozaliwa na wazungu wapelekwe. Askari alitumwa akuchukue. Bibi alimwomba yule askari jambo moja tu, kwamba akae nyuma hatua kumi na amwache yeye akushike mkono, ili usiogope. Askari alikubali. Siku mbili nzima alitembea nyuma yenu na bunduki yake. Wewe ulikuwa mbele, ukauona mkono wa mama yako. Nyuma hukutazama, na mtoto wa miaka mitano atatazamaje?

Pili, alirudi. Alirudi mwaka uliofuata baada ya mavuno ya pamba, na mwaka uliofuata huo, na kila mwaka baada ya mavuno, mpaka vita vya waasi wa Mulele, mwaka wa sitini na nne, vilipofunga njia. Mama yangu alikwenda naye safari mbili za mwisho, akiwa na miaka sita na saba, amebebeshwa karanga za kukaanga ndani ya kitambaa. Anakumbuka lango la chuma na sista mwenye miwani aliyefungua daftari. Bibi anasema, "Namtaka mwanangu Nabintu." Sista anapitisha kidole juu hadi chini. "Hapa hakuna Nabintu." Bibi anaeleza: mweupe, ana alama ya moto kwenye kiwiko. Sista anasema weupe wapo arobaini na daftari halina viwiko. Wanarudi na karanga zao.

Mama Mkubwa, ulikuwa ndani. Labda ulikuwa unafua au unasali, mita hamsini kutoka pale. Alikuja kukuuliza kwa jina alilokupa, kwa kuwa hakujua kwamba lilivuliwa siku ile ile kabla hata vumbi la safari halijaoshwa miguuni mwako. Angelijulia wapi lingine?

Safari ya mwisho mlinzi alimhurumia, na huruma yake ndiyo iliyoharibu kila kitu. Akamwambia, "Mama, usijichoshe. Kama yumo na haji, basi hakutaki." Bibi aliamini hivyo mpaka akafa. Akawa anasema, mwanangu amekuwa mzungu, mimi nimekuwa aibu yake. Na mama yangu naye akalikamata neno hilo. Ndiyo maana mwaka wa sitini na saba, ulipokuja Uvira na kukuta kaburi, yule msichana wa miaka kumi na moja alikataa kukupa mkono. Ulidhani amekosa adabu. Alikuwa anamlipizia mama yake. Miaka hamsini na saba mmesalimiana kama watu wa ofisi moja, kila mmoja ana hakika kwamba mwenzake anajua alichokosa.

Nilimwuliza mama kwa nini hakusema. Akanijibu, "Ningesema nini? Nilijua anajua."

Kuhusu mimi, nimeona aibu, na naisema waziwazi. Nilikuwa na mashahidi wawili, mmoja ndani ya nyumba yangu anashona kola, nami nikaenda kuazima ushahidi kwa waandishi wa Brazil waliokufa zamani. Nilirudi kwenye sura yangu nikahesabu. Bibi nilimpa mistari mitano, mmoja zaidi ya mjane. Nimeitoa sura yote. Profesa alikunja uso, akasema tarehe imekaribia. Nikamwambia tarehe itasubiri, wajane wa vitabuni wanaweza kungoja ila mama mkubwa wangu ana miaka sabini na sita. Halitarudi neno hata moja mpaka wewe uniruhusu, na ukikataa nitaandika kuhusu mito na miti, vitabu vile vina miti ya kutosha.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi wa nane, utulivu ukiwapo, binamu zetu wa Uvira wanajengea kaburi la bibi saruji na kumwekea msalaba mpya. Mwaka jana walipokuomba ufike, ulijibu, "Aliyenitoa kwa mkono wake sina la kumjengea." Hakuna aliyekulaumu. Mama yangu hawezi kwenda; karatasi zake za ukimbizi zinamfunga, akivuka kurudi nyumbani hapa hapokelewi tena. Kwa hiyo wewe ukikosa, pale hatasimama mtoto wake hata mmoja. Sikuombi umsamehe bibi. Nasema tu kwamba kosa ulilombebesha halikuwa lake, na mimi ndiye niliyekaribia kulichapisha.

Ukikubali, mwambie Emery anipigie, mambo ya boti na nguo tutayapanga. Ukikataa, niandikie mwenyewe, nami nitaheshimu. Ila usinyamaze. Katika ukoo huu tumenyamaza vya kutosha.

Nisalimie Emery na mkewe Mamie, na wajukuu wote kwa majina yao ya nyumbani. Mzee Lambert wa jirani mwambie redio yake bado naitafutia kipuri. Tania anakubusu mikono yote miwili. Mungu aliyekulinda ulipokuwa mdogo huna wa kukutetea akulinde na sasa, akupe usingizi mzuri na magoti ya kufika Uvira.

Ni mimi mwanao nikupendaye, pamoja na makosa yangu,
Falonne

Mama ameomba kalamu. Yafuatayo ni mkono wake:

Dada yangu, Falonne ameandika yote, mimi naongeza moja ambalo nililificha kwa wivu. Unajua kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Ukishamtoa mtoto, au akikukana, watu hubadilisha, wanakuita kwa yule aliyebaki. Mimi ndiye niliyebaki. Wanawake wa sokoni walijaribu kumwita Mama Denise, kwa jina langu, hakuitika. Wakaacha. Siku ya kumzika nilikuwa na miaka kumi, nimeshika mshumaa, nikamsikia padri anasema tumwombee Mama Nabintu. Nilikuchukia siku ile kuliko siku zote. Sasa nakwambia, ili ujue mama yako aliitwa nani mpaka mwisho.