Hesabu za Jumapili barazani kwa Mwalimu Petro

Jumatatu, Temeke. Joto tangu alfajiri, mawingu yametanda lakini mvua haishuki. Sina raha.

Asubuhi Mwalimu Mkuu ametusomea matokeo ya mtihani wa majaribio wa darasa la nane, hapa shule ya kati. Waliofaulu karibu wote ni watoto wa kota: baba zao makarani na mapolisi, watu wa bara walioletwa mjini na kazi ya serikali. Walioanguka ni wa hapa hapa, Wazaramo wa Temeke na Mtoni. Mwalimu Mkuu akacheka. "Mtoto wa Pwani mpe ngoma, hesabu umwonee huruma." Walimu wakacheka naye. Katika chumba kile Mzaramo ni mie peke yangu.

Sikucheka.

Kilichonikera si mzaha ule, nimeuzoea. Ni Zuhura. Mwaka jana nilimfundisha darasa la saba, na hesabu alikuwa akizimaliza wenzake wakingali wanachonga penseli. Leo yumo mkiani. Na Yohana, mtoto wa karani, aliyekuwa akitokwa jasho kwa hesabu za sehemu zilizo nyepesi kabisa, kapata zote. Zote!

Mtu habadiliki hivyo bila kitu.

Wakati wa mapumziko nikamwita Yohana, nikampongeza, nikamuuliza kama mtu asiye na haja: umewezaje? Akafurahi, maskini. "Hesabu hizi tulishazifanya Jumapili, Mwalimu. Barazani kwa Mwalimu Petro."

Mwalimu Petro ndiye anayewafundisha hesabu. Na ndiye aliyetunga mtihani.

Ni mtu wa bara, mkimya, Mkristo anayeimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini akisahihisha madaftari. Meza yake na yangu zimegusana mwaka mzima, na sijui hata kama mama yake yu hai. Leo nimemchungulia mchana kutwa, na kila alichofanya nimekiona cha mwizi. Akikohoa, nasema anaficha kitu. Akitabasamu, nasema ananicheka mie.

Niseme kweli: nilifurahi. Nilijiona nimesimama mbele ya Bwana Mkaguzi, yule Mzungu wa Elimu, namweleza kwa Kiingereza kilichonyooka jinsi watoto wetu wanavyodhulumiwa. Nilikwisha kuyapanga na maneno.

Kengele ilipolia nikaenda kwanza kwao Zuhura kutafuta ushahidi. Baba yake, Mzee Shomari, anauza nazi. Nikampa shikamoo yake, akanikaribisha mkekani, nikamuuliza kama binti yake aliwahi kuitwa kwenye masomo ya Jumapili.

"Aliitwa," akasema. "Akaenda mara moja, nikamzuia."

"Kwa nini, mzee?"

"Walipewa uji. Kabla ya uji, sala ya kwao. Mie nimempeleka mtoto akasome, sikumpeleka akabatizwe. Nikawaambia na wenzangu, kila mtu akamzuia wa kwake." Akanikazia macho. "Wewe unafanya naye kazi, Mwalimu Salum. Waweza kuniapia kwamba hana nia hiyo?"

Sikuweza. Nitaapaje juu ya mtu ninayemjua kisogo tu?

Uani Zuhura alikuwa anakuna nazi. Mbuzi ilinyamaza tulipomtaja Mwalimu Petro, kisha ikaanza tena, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Nikaenda kwa Petro moja kwa moja. Nilimkuta anamenya ndizi mlangoni. Hata hodi sikupiga vizuri. Nikamwambia, "Umewapa watoto wa kwenu mtihani."

Akaweka kisu chini. "Niliwaalika darasa zima. Wa kwenu walikuja Jumapili ya kwanza. Ya pili sikuona hata mmoja. Hesabu zinafanana, ndiyo, nilibadilisha namba tu. Nilidhani majaribio hayamdhuru mtu. Na uji ni kwa sababu wengine wanatoka mbali. Mimi siwezi kula bila kusali, hata nikiwa peke yangu."

"Kwa nini hukuniuliza wamepotelea wapi?"

"Nilijua ni wewe uliyewakataza."

Alisema bila hasira. Siku zote hizo tumekaa ubavu kwa ubavu, tukiazimana wino, naye ananiwazia hayo.

Namwamini? Si kabisa. Kubadilisha namba bado ni kuwafungulia mlango wachache, na nimemwambia hivyo. Hakubisha. Lakini mtihani wenyewe umekaribia, na huo hautungwi na Petro wala na mie. Zuhura akianguka huo, shule imekwisha, wachumba hawachelewi. Basi nikamwambia masomo tuyahamishie barazani kwangu, Jumapili baada ya alasiri. Uji usiwepo. Kwangu Mzee Shomari hatapata la kusema.

Petro akakubali upesi mno, nikaingiwa na shaka upya. Kisha akauliza, macho yakiwa kwenye ndizi zake: "Kwenu nikiomba maji, nitaletewa kwa kikombe kipi?"

Nikamuaga, nikashika njia.

Anajua. Nani kamwambia sijui, ila anajua kwamba mama ana kikombe cha bati alichokitenga kwa wageni wasio wa dini yetu, na hakichanganywi na vyombo vingine. Nimekiona tangu utotoni, na sikuwahi kuuliza.

Njia nzima ya kurudi nimekuwa nikimlaumu Mzee Shomari kimoyomoyo. Sasa namsikia mama akipanga vyombo. Kesho asubuhi nitazungumza naye habari ya kikombe kile, kabla sijarudi kwa mzee yule kumwombea Zuhura ruhusa.

Nikimshindwa mama, kwa Mzee Shomari nitaapa nini?